Kabla Mzee Hajapelekwa Kufanyiwa Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Familia nyingi hushtuka siku mzee anaposhindwa kumtambua mgeni aliyesimama mlangoni, ilhali lenzi ya jicho lake ilianza kubadilika miaka mingi kabla ya hapo. Ujanani lenzi huwa laini na hubadilisha umbo kila tunapohamisha macho kutoka mbali kuja karibu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi ugumu wake huanza kuonekana, mtu akajikuta anausogeza msahafu au simu mbali na uso, na kwa wakati huo miwani ya kusomea humtosha. Baadaye protini zilizomo ndani ya lenzi hushikamana, rangi yake ikaelekea manjano na pengine kahawia, na mwanga ukapita kwa taabu. Ukungu huo, ambao ndio mtoto wa jicho, umo ndani ya lenzi yenyewe, nyuma ya mboni, wala si utando uliotanda juu ya jicho kama wengi wanavyodhani. Ndiyo maana hakuna matone, asali wala maji ya majani yanayoweza kuuondoa. Dawa za kienyeji zinazotiwa machoni zinaweza kuunguza konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kovu likibaki hapo hata upasuaji uliofanyika vizuri hautarudisha uoni kamili.

Ipo dalili moja inayopotosha. Mzee aliyekuwa hasomi bila miwani huanza kusoma bila miwani, na nyumba nzima ikafurahi. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba kiini cha lenzi kimezidi kuwa kizito, kikabadilisha namna mwanga unavyokusanywa. Cha karibu kinaonekana kwa muda, huku cha mbali kikififia. Hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kama lenzi ndiyo tatizo lote. Kwa mkazi wa Tanga mahali pa kuanzia ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, au kituo cha afya kilicho karibu kinachoweza kumwandikia rufaa. Presha ya macho huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kisukari huharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kasoro hizi zinaweza kukaa pamoja na mtoto wa jicho, na kuiondoa lenzi hakuziponyi. Familia imuulize daktari waziwazi: nyuma ya lenzi kuna nini, na tutarajie uoni wa kiasi gani? Swali hili lisipoulizwa mapema, lawama huja baadaye, na kwa maoni yangu maneno mengi ya mitaani kwamba upasuaji "ulimpofusha" mtu yanaanzia hapo. Kwa uchunguzi huo mboni hupanuliwa kwa matone, na uoni hubaki na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo mgonjwa asiende peke yake wala asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani.

Kuhusu wakati wa kufanya upasuaji, bado wapo wanaosubiri mtoto wa jicho "akomae". Ushauri huo ulikuwa na maana katika mbinu za zamani. Siku hizi kipimo kikuu ni maisha ya mtu mwenyewe: je, anajikwaa kwenye ngazi, anashindwa kutofautisha noti, ameacha kwenda msikitini alfajiri kwa kuogopa njia? Kusubiri kupita kiasi kuna gharama, kwa sababu lenzi huwa ngumu zaidi kutolewa, na nyingine huvimba au kuvuja na kupandisha presha ndani ya jicho kwa maumivu makali.

Lenzi iliyotolewa huwekewa ya bandia mahali pake, na hapa kuna uamuzi ambao familia nyingi hazijui kuwa zinaweza kuuzungumzia. Daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, ndiye aliyeweka lenzi ya kwanza ya namna hiyo, jijini London mwaka 1949, na mgonjwa wake alibaki na makosa makubwa ya uoni kwa kuwa ukokotoaji wa nguvu ya lenzi haukuwa sahihi. Leo mkunjo wa konea na urefu wa jicho hupimwa kabla, kisha nguvu huchaguliwa. Lenzi ya kawaida hulenga umbali mmoja. Mvuvi wa Sahare atataka kuona mbali na atavaa miwani kusomea. Mama anayesuka ukili au kushona kofia kutwa nzima huenda akapendelea karibu. Daktari aelezwe kazi hiyo siku ya vipimo.

Dawa zote anazotumia mzee zitiwe kwenye mfuko na kupelekwa zilivyo. Dawa ya tezi dume iitwayo tamsulosini hulegeza sehemu yenye rangi inayozunguka mboni na kumtatiza mpasuaji asiyeambiwa, hata kama mgonjwa aliacha kuitumia zamani. Dawa za kuzuia damu kuganda zisisimamishwe bila ruhusa. Sukari na shinikizo la damu vidhibitiwe wiki kadhaa kabla. Chokea, kope zenye matongotongo na macho mekundu vitibiwe kwanza, wanja usipakwe, na kikohozi kitajwe, kwa maana mgonjwa atalala chali bila kutikisika. Kwa kawaida hutiwa ganzi ya jicho tu. Atakuwa macho, atasikia watu wakizungumza, na kazi yenyewe mara nyingi huchukua chini ya nusu saa.

Maandalizi makubwa, hata hivyo, yako nyumbani. Matone huendelea kwa wiki kadhaa, mwanzoni mara nyingi kwa siku, kwa hiyo mtu mmoja achaguliwe na afundishwe kabla. Ananawa mikono kwa sabuni. Mzee anaegemeza kichwa nyuma na kutazama dari. Kope ya chini inavutwa taratibu mpaka kifanyike kifuko. Tone moja linadondoshwa humo bila mdomo wa chupa kugusa kope wala jicho. Kisha jicho linafumbwa na kidole kinabonyeza kidogo pembeni mwa pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishukie kooni. Dawa ya pili husubiri dakika tano. Mjukuu wa miaka kumi na minne aliye makini anaifanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima mwenye haraka.

Maji ya bomba wala ya kisima hayapaswi kuingia jichoni siku za mwanzo, na hapa udhu huwa swali. Mzee asiachwe aamue peke yake saa ya swala. Familia imuulize sheikh wake mapema kuhusu tayamamu, na daktari kuhusu kusujudu. Ndoo, gunia, kuinama kwenye mbuzi ya kukunia nazi na moshi wa kuni viepukwe kwa muda atakaotaja daktari, na usiku ngao ya plastiki ifunike jicho ili asilisugue usingizini.

Anayetoka Pangani au Muheza ajue kwamba huenda akahitajika kesho yake kwa ukaguzi, basi ni vyema apatiwe pa kulala mjini, hata kwa ndugu wa Ngamiani. Suala la bima, au la msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lishughulikiwe ofisini kabla ya tarehe, kwani barua ya serikali ya mtaa haipatikani Jumapili usiku.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, uoni unaoshuka, au mimweko ya mwanga na kivuli kama pazia jeusi mbele ya jicho ni mambo ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Miwani mipya isinunuliwe mpaka jicho litulie, takriban wiki nne hadi sita. Uoni ukififia tena miezi au miaka baadaye, mtoto wa jicho hajarudi. Kifuko kinachoishika lenzi kinaweza kupata ukungu, na hufunguliwa kwa leza bila upasuaji mwingine. Jicho la pili lipangiwe tarehe yake baada ya la kwanza kukaguliwa.