SOMO: Takwimu kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, kuanzia swali mpaka grafu

Habari zenu walimu na wazazi. Kila wiki napokea swali lilelile: "Mwalimu, takwimu unazifundishaje kwa watoto ambao hata kusoma bado wanababaisha?" Nimejibu kwa simu, nimejibu sokoni Mwanjelwa, nimejibu ndani ya daladala ya Uyole. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nafundisha darasa la pili hapa Mbeya, watoto 68 kwenye chumba kimoja. Ninayoeleza yanawezekana kwenye darasa kubwa, nimeyafanya.

Vifaa: visoda, mabeseni manne, chaki, maboksi matupu ya kiberiti, kipande cha gunia au boksi kubwa, gundi ya unga wa ngano.

Hatua ya 1: Swali. Liwe moja, lenye majibu manne, na kila mtoto achague moja tu. Langu ni hili: kati ya ndizi, parachichi, embe na pichesi, unapenda lipi zaidi? Ukiuliza "unapenda tunda gani?" ukaishia hapo, utaletewa majibu 20.

Hatua ya 2: Kukusanya. Kila mtoto anapewa kisoda kimoja. Anapita mbele, anakitumbukiza kwenye beseni lenye picha ya tunda lake, anarudi kukaa. Mwenye kisoda mkononi bado hajajibu. Msitumie kunyoosha mikono: mtoto hunyoosha mara mbili, au hunyoosha kwa kuwa rafiki yake kanyoosha.

Hatua ya 3: Kuandika. Mtoto mmoja anatoa visoda, mwenzake anachora vijiti ubaoni. Vinne vinasimama, cha tano kinalala juu yao. Mkimaliza, jumlisheni matunda yote. Isipotoka idadi ya watoto waliopo, kuna kisoda kimeanguka au kimebaki mfukoni. Kitafuteni kwanza.

Hatua ya 4: Piga mstari mmoja wa chaki sakafuni, panga visoda vya kila tunda kwa safu, safu zote zianzie kwenye mstari huo.

Hatua ya 5: Grafu ya ukutani. Hapa naomba msome polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia watoto kila mmoja achore tunda analopenda kwenye karatasi yake, tukabandika ukutani kwa safu. Waliochagua parachichi walikuwa 9, wakachora makubwa, karatasi nzima. Waliochagua ndizi walikuwa 14, wakachora ndogondogo, tena tukazibandika zimebanana. Nikauliza lipi limependwa zaidi. Darasa zima: "Parachichi!" Nikawaambia wamekosea. Binti mmoja akaenda ukutani, akahesabu kwa kidole, akapata 9 na 14. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama tena, akasema, "Lakini mwalimu, parachichi limefika dirishani." Alikuwa sahihi. Ukuta wangu ndio uliosema uongo, na mimi nilikuwa nimemwadhibu kwa kumwambia amekosea. Siku ile sikuweza kuliokoa somo.

Tangu hapo natumia boksi la kiberiti. Liko kila nyumba, na ya aina moja yanalingana. Kila mtoto anabandika lake moja kwenye gunia, upande mpana ukitazama mbele, ncha ikigusana na ncha. Angalia mambo haya, na usilegeze hata moja:
- Maboksi ya aina moja. Kuna viberiti vidogo na vikubwa, usichanganye.
- Safu zote zianzie mstari mmoja. Ikianzia juu kidogo, jicho litadanganyika.
- Hakuna kuacha nafasi kati ya boksi na boksi.
- Anayetaka kuchora tunda achore juu ya boksi lake, lisizidi kingo.

Hatua ya 6: Kuisoma. Anza na "lipi limezidi?", kisha "ni watoto wangapi?", mwisho kabisa "limezidi kwa wangapi?" Hilo la mwisho ni gumu kwa umri huu. Mwache mtoto aweke kidole pale safu fupi inapoishia, ahesabu maboksi yaliyobaki kwenye ndefu.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mwalimu, gundi tunapata wapi? Shuleni kwetu hakuna bajeti.

Jibu: Imeandikwa kwenye vifaa. Unga wa ngano na maji, koroga motoni mpaka uwe uji mzito.

Mdau wa Mafinga: Gundi ya unga panya wanaila. Sisi gunia tunalitundika kwa kamba katikati ya darasa, halifiki ukutani.

Jibu: Ahsante sana, hili nalichukua.

Baba Neema: Darasa la pili grafu ya nini? Wafundisheni KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwanza.

Jibu: Kuhesabu ni K ya tatu, ndugu yangu. Mtoto aliyetafuta kisoda cha 68 chini ya dawati amehesabu kwa bidii kuliko aliyekariri 1 mpaka 100.

Mwalimu mpya, Iringa: Samahani mwalimu, hili la kisoda kimoja kwa mtoto limenigusa. Sensa nayo wanafanyaje mtu asihesabiwe mara mbili?

Jibu: Swali zuri, na waulize watoto kabla ya kuwaambia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kufuatana na mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Huwezi kulala nyumba mbili usiku mmoja, kwa hiyo usiku ule ndio kisoda chako. Jumla ilitoka watu 61,741,120. Watoto wangu waliposikia hivyo, mmoja akauliza vipi aliyekuwa safarini kwenye basi. Huyo ameshaelewa takwimu.

Mdau: Naweza kuuliza wamekunywa chai na nini asubuhi? Ni rahisi.

Jibu: Usiulize. Yuko aliyekuja bila kunywa chochote, nawe utamfanya asimame mbele ya wenzake akiwa hana beseni la kutumbukizia. Viatu, kazi ya baba, idadi ya vyumba, vyote viache. Uliza rangi, michezo, wanyama, njia ya kuja shule.

Mdau: Tunda lisilochaguliwa na mtu tunalifuta?

Jibu: Hapana. Jina libaki, safu ibaki tupu. Sifuri nayo ni jibu.

Mdau wa Makambako: Mabeseni yakiwa hayapo?

Jibu: Duara nne za chaki sakafuni.

Mama wa Tukuyu: Mwalimu, kwetu mvua ni nyingi na mwanangu wa miaka 8 anataka kuipima. Inafaa kwa grafu?

Jibu: Inafaa mno, mama. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, iliyobanwa kiunoni haifai. Kata sehemu ya juu pale ubavu ulionyooka unapoishia, igeuze shingo itazame chini na uiingize kwenye chupa, iwe kama faneli ya kumiminia. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka ubavu ulionyooka uanze, piga alama hapo: ndiyo sifuri yako. Mdomo wa juu uwe mpana sawa na ubavu wa chupa, basi maji yakipanda sentimita 1 mvua ni milimita 10. Iweke uwanjani mbali na mti na bati, asome kila siku saa 3 asubuhi, kisha arudishe maji kwenye alama ya sifuri.

Jambo moja linabadilika. Matunda unaweza kuyapanga safu yoyote itangulie. Siku huwezi. Jumatatu ikae kabla ya Jumanne hata kama ilinyesha kidogo, na siku ya jua iache nafasi yake tupu.

Mama wa Tukuyu: Ahsante. Ameshakata chupa, anauliza umande nao ni mvua?

Jibu: Mwambie aiache nje usiku mmoja usio na mvua, asubuhi aangalie alama, kisha aniambie yeye.