Setingi sprei kwa anayeanza: mekapu isishuke na jasho la Kigoma

Nilipoanza kupamba watu hapa Mwanga, Kigoma, niliamini setingi sprei, yale maji ya kupulizia usoni ili mekapu isishuke, ni gundi: ukikosea chini, puliza juu, kazi itasimama. Bibi harusi wangu wa tatu ndiye aliyenizindua. Harusi ilikuwa Ujiji, mchana wa Februari. Mvua ilikatika asubuhi, jua likarudi, na ule mvuke wa ziwani ukatanda, ule unaokufanya uloe ukiwa umekaa tu. Nikaisogeza chupa hadi karibu na shavu na kupuliza bila kuhesabu. Tone likajikusanya chini ya jicho, likateremka polepole hadi kwenye taya, likaacha mchirizi juu ya poda. Mama yake mdogo, aliyekuwa ameshika kioo, akaniuliza: "Mwanangu, huyu analia au ndiyo urembo wenyewe?"

Nilifuta uso mzima, nikaanza upya. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza baada ya siku ile.

Hatua ya kwanza: jua unanunua nini

Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Madukani kila chupa ya kupulizia usoni huitwa setingi sprei, wakati ndani kuna vitu viwili tofauti. Aina ya kwanza ina viambato vinavyotengeneza utando: maji na alkoholi vikikauka, unabaki utando mwembamba juu ya mekapu, nao ndio unaoishikilia. Aina ya pili ni maji na gliserini zaidi. Hiyo inalainisha poda na kuupa uso mng'ao, lakini haishiki chochote. Fix+ ya asili ya MAC, kwa mfano, watu huinunua wakidhani itazuia jasho, kumbe kazi yake kubwa ni kuondoa ule ungaunga wa poda.

Basi geuza chupa usome viambato. Tafuta maneno yaliyoandikwa hivi hivi: PVP, VP/VA Copolymer au Acrylates Copolymer. Ukiliona mojawapo, hiyo ina utando. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo gliserini ikifuata maji moja kwa moja na hayo mengine hayapo kabisa, umeshika maji ya kung'arisha. Si mabaya, ila usiyategemee ukumbini.

Hali ya hewa nayo ina neno. Gliserini huvuta unyevu, na Kigoma unyevu tunao wa kutosha: uso unabaki unanata, halafu ukipanda bodaboda vumbi linakaa humo humo. Ngozi ya mafuta ichukue ile yenye utando inayokausha mng'ao. Lakini dada yangu uliye Tabora, Septemba hewa ikiwa kavu na midomo inapasuka, usiniige. Alkoholi nyingi itakukaza ngozi na poda ipasuke pembeni mwa mdomo. Wewe tafuta yenye utando na gliserini kidogo.

Tazama pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na kale kamchoro ka kopo lililofunguliwa. Kakiandikwa 12M maana yake ni miezi kumi na miwili tangu ulipofungua, si tangu ulipokumbuka kuwa unayo. Usajili wa vipodozi tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango, zamani ulikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Muuzaji akikasirika ukiuliza kama chupa imesajiliwa, nenda duka la pili. Na kama kuna chupa ya kujaribia, puliza mara moja juu ya kitenge cheusi. Unataka ukungu. Ukiona matone, pampu hiyo itakuumbua kama ilivyoniumbua mimi.

Maji ya waridi ni mazuri kwa kunukia, hayashiki mekapu. Sprei ya nywele usoni, hapana. Sina mjadala.

Hatua ya pili: ijaribu kabla ya shughuli

Puliza kidogo nyuma ya sikio, subiri siku nzima. Ikiwasha au ikitoa vipele, achana nayo. Isipokuwasha, paka faundesheni mistari miwili nyuma ya kiganja, puliza mmoja tu, acha ukauke, kisha dondoshea maji yote miwili na ukandamize tishu nyeupe. Mstari uliopulizwa ukiacha rangi kidogo kuliko mwenzake kwenye tishu, hela yako imekwenda mahali pake.

Hatua ya tatu: weka msingi mwepesi

Nawa, paka losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi, subiri dakika tano hivi iingie. Faundesheni iwe tabaka jembamba, ukiigandamiza kwa sponji badala ya kuiburuta. Mimi hupulizia sprei kidogo kwenye sponji yenyewe na kugandamiza mara ya mwisho kabla ya poda, hasa kandokando ya pua, maana pua ndiyo huanza kutusaliti. Poda kidogo kwenye paji la uso, pua na kidevu. Ukimwaga poda kama unakanda maandazi, sprei itaigeuza uji.

Hatua ya nne: kupuliza

Tikisa chupa. Umeona mawese yaliyokaa, mazito chini na mepesi juu? Baadhi ya sprei, hasa za kukausha mng'ao, hujitenga hivyo hivyo.

Zima feni, isije ikapeperusha ukungu. Na hili nalisema kwa sauti: kama bibi harusi anafukizwa udi, chetezo kitoke chumbani kwanza. Sprei nyingi zina alkoholi, na alkoholi inashika moto. Jiko la mkaa vilevile.

Afumbe macho na mdomo, azuie pumzi. Shika chupa umbali wa shibiri moja na vidole vinne, kama sentimita 25 hadi 30. Puliza mshazari kutoka paji hadi taya ya upande wa pili, rudia upande mwingine, halafu pita kwenye paji na ushuke puani hadi kidevuni. Mara nne hadi sita zinatosha. Ngozi ionekane imepata umande, isilowe.

Kisha mwache. Dakika moja nzima asitabasamu, asijibu simu, shangazi asimguse shavu. Sasa ndipo unaweza kumpepea kwa kipepeo. Kama shughuli inaanza saa saba mchana na kwisha usiku, ongeza tabaka la pili jepesi baada ya la kwanza kukauka kabisa.

Hatua ya tano: jasho likija

Litakuja. Gandamiza tishu, usifute. Kausha kwanza, kisha puliza mara moja au mbili. Poda juu ya jasho bichi inatoa mabaka, na picha za harusi hazisahau.

Usiku usilale nayo. Ule utando hautoki vizuri kwa maji matupu: sugua mafuta ya kuondolea mekapu taratibu, futa kwa pamba, nawa kwa sabuni laini, kisha pitisha pamba nyingine kwenye kingo za nywele na chini ya taya. Ikitoka na rangi ya faundesheni, rudia.