Macho ya mtoto, tatizo likiwa ubongoni

Wazazi wa Tanga, macho ya kichanga kupishana mara mojamoja kabla ya miezi 4 si jambo la kutisha. Akifika miezi 3, mpakate barazani, sogeza kitu chekundu polepole sentimita 30 mbele ya uso wake. Usiongee wala usitumie kayamba. Atafuata sauti ukadhani anaona. Hafuati, au macho yanachezacheza yenyewe? Mpeleke kliniki ya macho.

Makengeza ya ghafla kwa mtoto mkubwa, kope moja kulegea, mboni moja kubwa kuliko nyingine, kichwa kuuma na kutapika asubuhi: jamani, msihangaike na matone, nendeni hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Vilevile kichanga anayetazama chini tu huku kichwa kikikua haraka. Huenda maji yamejaa kichwani.