Kufunga mifuniko ya chemba: isiibwe, isifunguliwe ovyo, isimfungie mtu ndani

Kufuli la chemba lina kazi mbili zinazovutana: limzuie asiyehusika kushuka, na lisimfungie mtu aliyekwisha kushuka. Wanaofunga mifuniko hukumbuka ile ya kwanza na kusahau ya pili, na ya pili ndiyo inayoua.

Kabla ya kununua chochote, jiulize ni nani anayeinua mfuniko wako. Mwizi wa chuma chakavu anautaka mfuniko wenyewe. Shimo atakaloliacha wazi halimhusu. Wizi huo ni mkubwa kiasi kwamba Kenya ilisimamisha biashara ya chuma chakavu Januari 2022, ikairuhusu tena Mei mwaka huo kwa masharti mapya. Mtoto anavutwa na sauti ya maji. Fundi wa kuzibua anafungua kihalali, lakini anaondoka bila kurudisha bolti. Halafu wapo wapekuzi wa miji, vijana wanaoshuka kwenye mifereji, mahandaki ya nyaya na matangi yaliyoachwa ili tu wajionee. Hawa hawaibi kitu, lakini wana subira, wana zana, na wakishapita huacha njia wazi kwa mtoto na mwizi.

Paris ndiko tatizo hili lilikokomaa. Kuingia machimbo ya zamani yaliyo chini ya jiji, nje ya sehemu ya makumbusho, kulipigwa marufuku mwaka 1955, na ofisi ya ukaguzi wa machimbo iliyoanzishwa 1777 bado ipo. Mifuniko kadhaa imechomelewa, na bado watu wanashuka, kwa sababu mtandao wa chini una midomo mingi. Kabla ya kufunga chemba moja, fuata bomba au mfereji mpaka mwisho wake na uhesabu matundu yote. Ukifunga matatu kati ya manne, umemchagulia mtu njia tu.

Kwanza jua kilicho chini

Chemba za barabarani ni za mamlaka ya maji, umeme au simu. Ukiona iliyo wazi, zungushia kitu kinachoonekana hata usiku, kisha toa taarifa. Usiifunge kwa kufuli lako, maana mafundi wa zamu watakuja usiku maji taka yakifurika na hawatakuwa na ufunguo. Maelezo haya ni ya chemba zilizo ndani ya eneo lako: nyumba, shule, hoteli, ghala, mtaa wenye kamati yake.

Chemba ya maji taka na karo zina gesi inayokula vyuma. Chemba ya maji ya mvua hujaa ghafla na maji yanaweza kuusukuma mfuniko kutoka chini. Tangi la maji safi la chini ya ardhi linahitaji mfuniko usiopitisha mbu, vumbi wala maji ya juu. Chemba ya nyaya hufunguliwa mara chache, ndiyo maana hakuna anayejua lini kufuli lake liliganda kwa kutu.

Fremu kabla ya kufuli

Kufuli linapoonekana limevunjwa, mara nyingi lenyewe ni zima: fremu ndiyo iliyong'oka. Simama juu ya kona moja ya mfuniko, kisha kona ya mkabala. Ukisikia mlio au ukahisi unacheza, fremu haijakaa. Gonga pembeni kwa nyundo. Sauti ya debe tupu ina maana mota ya saruji iliyo chini imeachia, na mtu mwenye mtaimbo atainua fremu, mfuniko na kufuli kwa pamoja.

Rekebisha hivi. Vunja mota ya zamani yote mpaka ufike kwenye tofali au zege zima, osha vumbi, lowesha, kisha lalia fremu kwenye mota ya saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Mchanga wa baharini usitumike, chumvi yake inaozesha chuma. Kila kona toboa na ufunge bolti ya kushika zege ya mm 12 inayozama angalau sm 8. Zungushia fremu zege pana la sm 15 pande zote. Wapita kwa miguu wasubiri siku 3. Magari yasipite kabla ya wiki. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kusawazisha fremu kwa vipande vya tofali na mbao: mbao huoza, mfuniko huanza kucheza, na bolti hukatika kwa kutikiswa.

Mfuniko gani

Mifuniko inayouzwa huwa na alama ya kiwango cha Ulaya cha EN 124. A15 ni ya bustani na njia za miguu pekee. B125 hubeba takriban tani 12.5 wakati wa kupimwa na inafaa maegesho ya magari madogo. D400 ni ya barabara, takriban tani 40. Lango linalopitisha gari la kunyonya maji taka linataka D400, hata kama gari hilo huja mara moja kwa mwaka.

Mahali penye wizi, ushauri wetu ni mfuniko usiouzika: zege, au ule wa plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo. Huu wa pili ni mwepesi, kwa hiyo bila bolti si mfuniko wa kuaminiwa; maji au mtoto wa miaka kumi atausogeza.

Zege unaweza kulimwaga mwenyewe kwa sehemu za miguu. Kwa tundu la sm 60 kwa 60, tengeneza bamba la sm 70 kwa 70, unene sm 7.5. Changanya saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Saruji itaenda kama robo ya mfuko wa kilo 50. Ndani weka nondo za mm 10, saba kwa kila upande, zikipishana kila sm 10. Jumla ni mita 9 hivi. Ziinue sm 2.5 kutoka chini ya kalibu kwa vigae vya zege. Nondo ikikaa katikati au juu ya bamba haifanyi kazi yake, kwa sababu zege hupasuka kuanzia chini. Mwagilia maji siku 7 na uifunike isipigwe na jua. Bamba hilo lina uzito wa karibu kilo 88, mzigo wa watu wawili. Ukiligawa vipande viwili, kila kimoja kitakuwa kilo 44 na mgongo wa fundi utakushukuru, ila sasa una vitu viwili vya kufunga.

Njia tatu za kufunga

Kwa maji taka, tumia bolti. Kufuli la kawaida la shaba halidumu humo: haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza, hulifanya jeusi, na amonia huipasua shaba yenyewe. Chukua bolti za M12, yaani za kipenyo cha mm 12, za chuma cha pua. Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, dai daraja la A4, linaloitwa pia 316. Daraja la chini yake, A2, huanza madoa ya kutu kwa chumvi ya hewani. Mfuniko mdogo unatosha kwa bolti mbili za mkabala, mkubwa unataka nne. Toboa mfuniko tundu la mm 14 ili kuwe na nafasi ya kurekebisha. Nati ikae chini ya fremu, imezibwa upande wa chini ili uchafu usipande kwenye meno. Kichwa cha bolti kizame chini ya uso wa mfuniko, ujaze grisi na ufunike kwa kizibo cha plastiki kuzuia mchanga.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: bolti ya chuma cha pua ndani ya nati ya chuma cha pua, ikifungwa kavu, hushikana mpaka inakatika. Paka grisi ya shaba kwenye meno yote. Kaza kwa spana ya mkono mfupi hadi mfuniko utulie, basi. Kuongeza bomba kwenye spana ili kukaza zaidi ni kumwachia fundi wa mwakani kazi ya kukata kwa grainda.

Vichwa vya pembe tano badala ya sita vinasaidia, kwa kuwa spana ya kawaida haivishiki. Vinamchelewesha mtu, havimzuii kabisa.

Kwa chemba ya nyaya na tangi la maji, komeo na kufuli vinafaa. Komeo liwe bapa la mm 6, pete ya nondo laini ya mm 12, na kufuli lenye mabega marefu yanayoficha upinde, lisiachie nafasi ya mkasi wa kukatia. Liweke ndani ya kikombe cha bomba la inchi 4, chenye kifuniko chake na kitundu cha mm 10 cha kutolea maji. Bila kitundu, kikombe kinakuwa bakuli la maji ya mvua na kufuli linaozea humo. Tangi la maji safi ni tofauti: kikombe kikae nje ya ukingo wa tundu, maji yake yasidondokee ndani.

Kwa bamba la zege, pitisha bapa la chuma la mm 50 kwa 8 juu yake, upande mmoja kwenye bawaba na mwingine kwenye kufuli, vyote vikishikwa kwenye zege la pembeni. Wakati wa kumwaga bamba acha mfuo ili bapa lilale humo; likibaki limeinuka, mtu atajikwaa.

Kazi yote ya kuchomelea ifanyike karakana. Usichomelee mfuniko ukiwa juu ya chemba ya maji taka au karo: methani huanza kuwaka ikifika asilimia 5 ya hewa, na cheche moja inatosha. Na chuma kilichopakwa zinki kikwanguliwe kwanza sehemu ya kuchomelea, moshi wake unaleta homa.

Hakuna mtu ndani?

Ukikuta mfuniko umefunguliwa, usiurudishe na kuufunga papo hapo. Tafuta dalili: kamba, begi, viatu, baiskeli karibu, matope mabichi kwenye ngazi. Mulika kutoka nje, ita kwa sauti, gonga fremu, nyamaza usikilize, kisha rudia kwenye kila mdomo wa mfereji huo. Kama una shaka, weka mlinzi hapo na uite zimamoto. Anayeshuka kwa siri hukaa kimya akisikia sauti, kwa hiyo sema wazi kwamba unakaribia kufunga.

Mahali panapopitika kwa miguu chini, mathalani handaki la nyaya au chumba cha pampu, angalau mlango mmoja ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, kwa kuvuta wenzo tu. Upake wenzo rangi inayong'aa gizani.

Fundi akishuka kihalali, kufuli lifungwe kwenye pete ya komeo lililo wazi, na ufunguo aende nao mfukoni. Hapo hakuna mpita njia atakayemfungia kwa nia njema. Juu abaki mtu asiyeondoka hata kwa dakika moja.

Na kushuka penyewe: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, chini ya 19.5 usiingie. Pima kwa kifaa kilichoteremshwa kwa kamba, juu, katikati na chini, kwa sababu haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Pua haitoshi. Gesi hiyo ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi na mtu hudhani imeisha. Mwenzako akianguka chemba, usimfuate bila mtungi wa hewa; anayefuata huanguka juu ya wa kwanza.

Maji ya mvua

Wapekuzi wa mifereji wa Australia wana kanuni yao: mvua ikinyesha, hakuna kushuka. Wewe ongeza yako: mfuniko wa maji ya mvua uwe na matundu au wavu wa kupumulia, ama sivyo shinikizo litaung'oa pamoja na fremu.

Watu wengi huweka nondo kwenye mdomo wa kutokea maji ili vijana wasiingie. Nondo hizo zikiwa hapo peke yake ni mtego: mtoto akisombwa upande wa kuingilia, maji yatambana kwenye nondo za mwisho. Linda pa kuingilia kwanza kwa wavu wa nondo. Wavu huo ulazwe mshazari ili takataka na mtu visukumwe juu, nafasi kati ya nondo isizidi sm 14, na uwe na kufuli ili usafishwe. Wavu usiosafishwa hufurisha mtaa mzima.

Funguo

Makufuli ya eneo moja yafunguliwe na ufunguo wa aina moja. Toa nakala tatu: ya msimamizi, ya mlinzi wa zamu, na moja kwenye kisanduku ofisini. Daftari liandike nani amechukua, saa ngapi, amerudisha lini, na bolti ngapi zimerudi. Hiyo hesabu ya bolti ndiyo hugundua mfuniko uliofungwa kwa bolti mbili kati ya nne.

Fungua kila mfuniko mara nne kwa mwaka, na hakikisha mizunguko miwili kati ya hiyo inaangukia Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Toa bolti zote, futa, paka grisi upya, safisha mchanga kwenye kingo za fremu. Mchanga wa nusu sentimita tu chini ya ukingo unatosha kuuacha mfuniko ukicheza. Ukikuta zege la ndani limelainika na kubomoka kwa kidole juu ya usawa wa maji, hiyo ni asidi inayotokana na ile gesi ya mayai viza, na bolti za kushika fremu hazina tena pa kushikia: panga kujenga upya shingo ya chemba kabla ya kununua kufuli jingine.