Somo: Kuwasha lori la gia otomatiki asubuhi ya baridi kali

Hili ni la madereva wetu walioko Minnesota, Dakota Kaskazini, Iowa na Kanada, hasa mnaoingia kwenye baridi yenu ya kwanza. Theluji ikianza tu, malalamiko ni yale yale: gia inachelewa kuingia, injini inanguruma sana kabla ya kubadilisha, R (gia ya kurudi nyuma) inaingia kwa kishindo. Kuna watu wanalipa gereji kuchunguza kitu ambacho hakijaharibika. Mengi ya hayo ni kompyuta ya gia inailinda gia boksi, na kazi yako ni kuipa nafasi.

Hatua ya 1: Jua una gia boksi ya aina gani. Hapa ndipo wengi hupotea. Malori ya taka, mabasi ya shule na tipa nyingi hutumia Allison, otomatiki kamili yenye toki-konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia kwa kutumia oili) na oili ya hidroliki. Pikapu nazo ziko hivyo. Lakini semi (malori ya kuvuta trela) nyingi za safari ndefu, zenye Volvo I-Shift, Detroit DT12 au Eaton Endurant, ndani zina gia za kawaida na klachi kavu. Ni kwamba kompyuta inakanyaga klachi na kusogeza gia kwa niaba yako. Ushauri wa hii usiupeleke kwa ile.

Hatua ya 2: Anza jioni. Chomeka hita ya injini. Ila elewa kwamba hita hiyo inapasha maji ya injini. Oili ya gia huko nyuma inabaki baridi. Ukilala mahali penye baridi ya kuua, pedi ya joto inayobandikwa chini ya sampu (bakuli la oili) ya gia boksi ni pesa iliyotumika vizuri. Mwenye semi, mwaga maji kwenye matangi ya hewa kabla ya kulala.

Hatua ya 3: Washa ukiwa N (gia huru), breki ya maegesho imefungwa. Kwenye -18 °C, ambayo ni sufuri ya Fahrenheit, betri inabaki na karibu nusu ya nguvu zake. Umeme ukishuka sana wakati wa kupiga stata, kompyuta ya gia inaweza kuandika makosa yasiyokuwepo. Kabla hujalaumu gia boksi, pima betri na safisha vichwa vyake.

Hatua ya 4: Acha iungurume, usikanyage mafuta. Oili iliyoganda inakuwa nzito kama uji uliolala. Pampu inaivuta kwa shida, na ukipandisha mzunguko wa injini unailazimisha inyonye hewa. Kwa Allison, mtengenezaji ameweka mipaka: ukiwa na oili ya daraja la TES 389 (TES ni viwango vya oili vya Allison), chini ya -25 °C usiingize gia kabla ya kuipasha, kwa TES 295 au TES 668 mpaka ni -35 °C. Kama huna cha kuipasha gia boksi, iache N kwa angalau dakika 20. Juu ya mipaka hiyo, dakika chache zinatosha. Kukaa saa nzima unachoma dizeli bure, kwa sababu gia boksi hupata moto vizuri ikiwa inafanya kazi.

Kwa DT12 na I-Shift, angalia geji za hewa. Gia zake zinasukumwa na hewa, hivyo subiri presha ijae mpaka usikie kikausha hewa kikitema "pshhh".

Hatua ya 5: Ingiza gia, subiri ishike, ondoka taratibu. Kilomita za mwanzo usikanyage hadi chini. Usihame D (gia ya kwenda mbele) kwenda R wakati lori bado linatembea, hata kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa basi la shule, Saint Cloud: Habari za kazi. Asubuhi basi linang'ang'ania gia ya chini, injini inapiga kelele hadi watoto wananiuliza. Baada ya muda linatulia. Ni ugonjwa?

*Jibu:* Hapana dada. Oili ikiwa baridi, kompyuta hairuhusu toki-konveta ijifunge, na inaweza kukunyima gia za juu kwa muda. Oili ikipata joto vizuizi vinaondoka. Ukiona hivyo hivyo mchana basi likiwa na moto, hapo nenda kwa fundi.

Wa Winnipeg: Pikapu yangu nikiweka D inakaa kidogo, halafu inashtuka. Ikipata moto, safi kabisa.

*Jibu:* Kwenye -30 °C, kuchelewa kidogo ni kawaida. Ikianza kufanya hivyo hata kwenye nyuzi 5, au muda ukizidi kurefuka, pima oili kwanza. Ikiwa iko sawa, huenda sili za ndani (mipira ya kuzuia oili isivuje) zimekuwa ngumu, au oili inarudi sampuni usiku na kuiacha konveta tupu. Kiwango halisi hupimwa oili ikiwa na moto, gari likiwa mahali tambarare. Allison yenye skrini inakataa kabisa kukupa kiwango ikiwa baridi.

Wa Cedar Rapids: Jambo kaka mukubwa. Miye niko na DT12. Juzi ilikataa kutoka N, na injini inawaka bila shida. Rafiki anasema nimwage alkoholi kwenye hewa.

*Jibu:* Jambo ndugu yangu. Achana na hiyo alkoholi, inakula sili za valvu, na valvu hizo bei yake utaikumbuka. Presha ikiwa imejaa na gia bado inagoma, shuku unyevu ulioganda. Badilisha katriji ya kikausha hewa kabla ya kila majira ya baridi, na hakikisha hita yake ndogo inapata umeme. Waya wake hukatika kwa chumvi ya barabarani.

Wa Makambako: Shikamoo mkuu. Huku kwetu Juni na Julai baridi ni kali. Nami ninunue hiyo pedi?

*Jibu:* Marahaba. Usinunue. Baridi ya Makambako haigandishi oili kiasi hicho. Lori likichelewa kuingia gia huko, angalia kiwango cha oili, na uulize aliyeibadilisha mara ya mwisho aliweka ya aina gani.