Poisson kwa daftari la duka: uweke betri ngapi kwa wiki

Shemeji yangu anauza spea za pikipiki Majengo, Moshi. Mzigo wake hutoka Dar mara moja kwa wiki, na betri zilikuwa zikimwishia katikati ya wiki. Nikamfundisha mgawanyo wa Poisson, hesabu inayochukua wastani na kukuambia uwezekano wa tukio kutokea mara sifuri, moja, mbili na kuendelea, ambao Siméon Denis Poisson aliuchapisha mwaka 1837.

Hatua ya 1. Hakikisha unahesabu matukio: yanakuja moja moja, moja halivuti jingine, na wastani wake hautikisiki. Wateja wa betri, sawa. Uzito au bei, hapana.

Hatua ya 2. Hesabu kwa wiki. Hapa ndipo Jumamosi yetu nzima iliishia. Daftari lilikuwa na wiki 17 na betri 40: wastani 2.35, varianzi (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) 1.5. Kwenye Poisson namba hizi mbili zinatakiwa zikaribiane. Nilirudia hesabu mara tatu, nikaanza kuilaumu kompyuta. Kumbe wiki asiyouza betri, shemeji haandiki kitu! Tulipofungua kalenda zikawa wiki 20. Tukaingiza sifuri tatu: wastani 2, varianzi 2.

Kwa hiyo andika sifuri. Lakini angalia ni sifuri ya namna gani: wiki ambayo hakuna aliyeulizia si sawa na wiki ambayo betri zilikwisha ukawarudisha watu. Andika walioulizia, si waliouziwa tu. Tajiri mwenye pikipiki tano akibeba betri tano kwa mpigo, mtoe kwenye hesabu, awe na oda yake. Na varianzi ikiupita wastani kwa mbali, achana na Poisson. Itakuambia uweke betri chache kuliko zinazohitajika.

Hatua ya 3. Chukua kikokotoo. Fomula ya vitabuni ni sahihi, ila mimi napenda kupanda ngazi, maana kila kidato unakiona. Anza na 2.718 (namba ya kihesabu iitwayo e, haibadiliki) kwa kipeo cha −2, yaani wastani wetu wenye alama ya kutoa: 0.135, uwezekano wa kutopata mteja kabisa. Kisha kila kidato ni wastani gawanya kwa idadi ya wateja: zidisha kwa 2/1 upate 0.271 ya mteja mmoja. Kwa 2/2, 0.271 ya wawili. Kwa 2/3, 0.180, kwa 2/4, 0.090, kwa 2/5, 0.036.

Hatua ya 4. Jumlisha. Kuanzia sifuri hadi nne ni 0.947: ukiweka betri nne, utapungukiwa kama wiki 5 katika 100. Ukiweka tano, hazifiki wiki 2. Shemeji ameweka tano.