Pua imeziba Lubumbashi: unywe kidonge au upulize?

Wabongo na Wakenya mlioko Lubumbashi (Wakenya wa nchi nasema, sio wa komini ya Kenya hapa mjini), kiangazi cha huku mnakijua, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua karibu hakuna, vumbi jekundu linaingia mpaka kabatini, jioni moshi wa makala (mkaa) unazidisha, na wewe unaamka chafya mfululizo, macho yanawasha, pua imeziba, unasema mafua. Mafua gani ya miezi mitatu jamani, hiyo inaelekea kuwa aleji ya pua.

Wengi tunakimbilia kidonge. Setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, inaanza kazi ndani ya saa moja hadi tatu hivi, na kwa chafya, kuwashwa na kamasi za maji iko vizuri. Ila pua iliyoziba haiisaidii sana. Piritoni yetu ile ya nyumbani nayo inaleta usingizi, mimi niliimeza asubuhi nikasinzia kwenye kiti mbele ya bosi, sasa wewe dereva unayetoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na lori usijaribu kabisa, na hata setirizini kuna watu inawalaza.

Kama shida yako kubwa ni kuziba kila siku, ya kupuliza ndio inashinda, lakini hapa ndipo watu wanapigwa chenga maana ziko za aina mbili. Moja ni ya kotikosteroidi, yaani ya kutuliza uvimbe ndani ya pua: flutikasoni, mometasoni, budesonidi. Haifungui hapohapo, unapuliza kila siku hata ukijisikia nafuu, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki mbili, mimi siku ya tatu nilikuwa karibu niitupe. Nyingine ni ya kufungua pua haraka kama oksimetazolini, dakika chache tu unapumua, raha, ila ukipitisha siku tano hivi pua inazoea na inaziba kuliko mwanzo, unabaki mtumwa wa kichupa.

Kwa hiyo famasi usiseme tu "nipe ya pua", taja jina. Maboksi mengi huku ni Kifaransa, comprimés ni vidonge, pulvérisation nasale ndio ya kupuliza.

Kupuliza kwenyewe: safisha pua kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na kinyume chake, elekeza upande wa sikio sio ukuta wa katikati, maana huko ndiko damu zinatokea. Usivute kwa nguvu, ukiisikia kooni ujue imepitiliza pua.

Mjamzito, mtoto, mwenye presha, uliza daktari kwanza. Kifua kikipiga miluzi, au ni tundu moja tu linaziba na kutoa damu, usinunue chochote, nenda ukapimwe.